IBN AL-NAFIS: FAQIHI NA TABIBU ALIYEITAMBUA NJIA YA DAMU MAPAFUNI



Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, Muumba wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote.

Wapenzi wanafunzi, wazazi na walezi, katika ukurasa wetu wa wanavyuoni wa Kiislamu mwaka huu tumemchagua tabibu ambaye jina lake wengi wamelisikia, lakini habari zake ni wachache wanaozijua. Kilichotufanya tumchague ni swali la mwanafunzi wetu mmoja. Tulikuwa tukisomesha hatua za kuumbwa kwa mwanadamu tumboni mwa mama yake. Mwanafunzi huyo akanyoosha mkono akauliza: ikiwa mtoto yumo ndani ya maji miezi yote hiyo, anavuta pumzi vipi, na kwa nini hazami? Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, lakini jawabu hatukuwa nalo. Tulimwahidi kumletea wiki ya pili yake, na ndani ya nafsi tulitamani asahau. Hakusahau.

Basi ikatubidi tukatafute. Katika kutafuta habari za pumzi, mapafu na moyo, tukakutana na Ibn al-Nafis, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tukaona maisha yake yanajibu zaidi ya lile swali tuliloulizwa.

JINA LAKE NA KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi, na lakabu yake ni Alaa al-Din. Watu walimjua zaidi kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa katika nchi ya Sham, Damascus au karibu yake, mnamo mwaka 607 Hijria, sawa na mwaka 1210 Miladia. Wapo wanahistoria wanaosema alizaliwa miaka michache baadaye.

Ili tukielewe vizuri kipindi alichoishi, tukumbuke kuwa Imam Nawawi, ambaye Hadithi zake Arobaini tunazihifadhi hapa madrasa, alizaliwa mwaka 631 Hijria (1233) katika nchi hiyo hiyo ya Sham. Kwa hiyo Ibn al-Nafis alikuwa tayari kijana wakati Imam Nawawi alipokuwa mtoto mchanga. Wote wawili walifuata madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu katika pwani hii ya Afrika Mashariki.

Zama hizo hazikuwa za raha. Upande wa magharibi kulikuwa na vita vya Msalaba, na upande wa mashariki Wamongolia walikuwa wanakuja. Mwaka 656 Hijria (1258) waliuvunja mji wa Baghdad na kuua watu wengi mno. Ibn al-Nafis aliishi katikati ya misukosuko hiyo, na hakuacha kusoma wala kuandika.

MASOMO YAKE

Damascus ilikuwa na hospitali kubwa iliyoitwa Bimaristan ya Nuri, iliyojengwa na Sultan Nur al-Din Zangi mwaka 549 Hijria (1154). Hapo wagonjwa walitibiwa, na hapo hapo wanafunzi walifundishwa utabibu kwa kuwafuata walimu wao kitanda kwa kitanda. Ibn al-Nafis alisoma kwa mwalimu mkubwa wa zama zake, Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar, aliyefariki mwaka 628 Hijria (1230). Mwalimu huyo aliiacha nyumba yake iwe wakfu kwa ajili ya kusomeshea utabibu. Jambo hili tuliweke akilini, kwani tutalirejea.

Pamoja na utabibu alisoma fiqhi, Hadithi, lugha ya Kiarabu na mantiki. Hakuona kwamba elimu moja inamkataza nyingine.

KUHAMIA MISRI

Mnamo mwaka 1236 hivi alihamia Cairo, na huko ndiko alikoishi mpaka mwisho wa uhai wake. Alitibu, alisomesha na alipanda daraja mpaka akatajwa kuwa mkuu wa matabibu wa Misri. Alikuwa pia tabibu wa Sultan Baybars, aliyetawala kuanzia mwaka 1260 hadi 1277.

Wakati huo huo alikuwa akisomesha fiqhi ya Kishafi katika madrasa ya al-Masruriyya mjini Cairo. Aliandika sherehe ya kitabu cha fiqhi kiitwacho al-Tanbih, na aliandika kitabu katika misingi ya elimu ya Hadithi. Ndiyo maana Imam Taj al-Din al-Subki, alipokusanya habari za wanavyuoni wa Kishafi, alimtaja na Ibn al-Nafis miongoni mwao. Mtu huyu mmoja aliulizwa mambo ya talaka na mirathi, na aliulizwa pia mambo ya homa na mapigo ya moyo.

WATU WALIVYOAMINI KABLA YAKE

Sasa tuje kwenye jambo lililompatia umaarufu. Moyo wa mwanadamu una upande wa kulia na upande wa kushoto, na katikati pana ukuta wa nyama. Swali lililowashughulisha matabibu wa kale lilikuwa hili: damu inatokaje upande wa kulia ikafika upande wa kushoto?

Tabibu wa Kigiriki aitwaye Galen, aliyeishi katika karne ya pili Miladia, alifundisha kuwa ukuta ule una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba damu huchujika humo ikaingia upande wa pili. Rai hiyo ilishikwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, naye aliifuata katika kitabu chake mashuhuri cha al-Qanun. Kitabu hicho ndicho kilichosomwa na kila mwanafunzi wa utabibu, na mwenye kukipinga alionekana hajui anachosema.

ALICHOKISEMA IBN AL-NAFIS

Mwaka 640 Hijria (1242), umri wake ukiwa kiasi cha miaka thelathini tu, Ibn al-Nafis aliandika sherehe ya sehemu za al-Qanun zinazozungumzia viungo vya mwili. Alipofika kwenye moyo alisimama akasema wazi kuwa ukuta ule ni mnene na mzito, na kwamba hauna vitundu, si vinavyoonekana wala visivyoonekana. Kwa hiyo damu haiwezi kupita hapo.

Ikiwa haipiti hapo, inapita wapi? Akaeleza kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwa mshipa mkubwa uendao kwenye mapafu. Huko mapafuni inasambaa na kuchanganyika na hewa. Kisha inarejea kwa mshipa mwingine mpaka upande wa kushoto wa moyo, na kutoka hapo ndipo inapopelekwa mwilini. Akaongeza kuwa lazima kati ya mishipa ile miwili ya mapafu pawe na vijia vidogo vya kupitishia damu.

Hakuishia hapo. Ibn Sina alisema moyo una vyumba vitatu vikubwa, na Ibn al-Nafis akasema ni viwili tu. Ibn Sina alisema moyo hupata chakula chake kutokana na damu iliyomo ndani ya chumba chake cha kulia. Ibn al-Nafis akasema hapana, moyo unalishwa na mishipa yake wenyewe iliyotandaa katika mwili wake. Leo daktari anapozungumzia mishipa ya moyo iliyoziba, anazungumzia mishipa hiyo hiyo.

Tuwe wakweli hapa, maana kumsifu mtu kwa asichokifanya si kumheshimu. Ibn al-Nafis hakuugundua mzunguko wote wa damu mwilini. Aliugundua ule wa kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi. Mzunguko wote ulielezwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628. Vile vijia vidogo alivyosema lazima viwepo vilionekana kwa hadubini mwaka 1661, pale Marcello Malpighi wa Italia alipochunguza mapafu ya chura. Na kuhusu kazi ya hewa, Ibn al-Nafis aliendelea kufuata mawazo ya zama zake, kuwa damu ikichanganyika na hewa hutoa mvuke mwembamba wenye kuupa mwili uhai. Oksijeni ilikuwa haijajulikana bado.

ALIJUAJE?

Katika utangulizi wa kitabu hicho ameeleza kuwa sheria ya dini na huruma ya tabia yake vilimzuia kupasua miili. Wanahistoria wamejadiliana sana juu ya jambo hili, wengine wakiona huenda alitazama viungo kwa njia moja au nyingine. Tunachokiona sisi kwa yakini katika maandishi yake ni namna alivyofikiri. Alizikusanya kauli za waliotangulia, akazilinganisha, kisha akauliza kila kiungo kina kazi gani. Ikiwa ukuta una vitundu, mshipa mkubwa namna ile uendao mapafuni ni wa nini? Kauli isiyoafikiana na umbile la kiungo aliiacha, hata kama msemaji wake ni mkubwa kiasi gani.

Wala hakumtukana Ibn Sina. Aliendelea kuvisherehesha vitabu vyake na kuvifupisha kwa ajili ya wanafunzi. Alimheshimu mwalimu na akalikataa kosa lake, yote mawili kwa kalamu moja.

PUMZI YA MTOTO TUMBONI

Hapa ndipo tunapomjibu mwanafunzi wetu, kwa elimu ya leo. Haya tunayoyasema sasa hayakusemwa na Ibn al-Nafis, lakini yanatusaidia kumfahamu.

Mapafu ya mtoto huanza katika wiki ya nne ya kuumbwa kwake. Huanza kama kichipukizi kidogo kinachotokeza mbele ya mrija wa chakula. Katika wiki ya tano kichipukizi kinagawanyika pande mbili, kulia na kushoto, kisha kila upande unatoa matawi, na matawi yanatoa vitawi, kama mkarafuu unavyotanua matawi yake. Pafu la kulia huwa na sehemu tatu na la kushoto sehemu mbili. Kufikia wiki ya 16 au ya 17 matawi makubwa yote yamekwisha kutengenezeka. Baadaye mishipa ya damu husogea karibu na njia za hewa, na vifuko vya hewa huanza kuonekana. Kuanzia wiki ya 24 hivi mapafu huanza kutoa majimaji maalumu yanayozuia vifuko hivyo visigandane. Majimaji hayo hutosheleza inapokaribia wiki ya 35. Ndiyo sababu mtoto njiti anayezaliwa mapema sana hupata taabu ya kupumua.

Muda wote huo mtoto havuti hewa. Mapafu yake yamejaa maji, na hazami kwa sababu hayategemei. Oksijeni inamjia kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kwa kuwa mapafu hayajaanza kazi, damu nyingi inayapita pembeni. Mwenyezi Mungu ameiwekea njia mbili za mkato. Moja ni uwazi mdogo kati ya vyumba vya juu vya moyo, wenye ngozi nyembamba kama pazia. Ya pili ni mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili.

Mtoto akizaliwa na kulia mara ya kwanza, hewa inaingia na maji yanaondoka. Mapafu yanatanuka na damu inamiminika kwa wingi kuelekea huko. Lile pazia linasukumwa na kufunga uwazi, na ule mshipa mfupi unajikaza na kuziba siku za mwanzo. Tangu hapo damu yote ya upande wa kulia inapita mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Hiyo ndiyo njia ile ile aliyoiandika Ibn al-Nafis mwaka 1242. Kila mtoto anayelia kwa mara ya kwanza anaifungua.

Na ule ukuta kati ya vyumba vikubwa vya chini, alioukatalia vitundu, kwa kawaida huwa umekwisha kufunga kabisa kufikia wiki ya nane ya ujauzito. Wapo watoto ambao ukuta wao haukufunga, nao ndio tunaosikia wana tundu kwenye moyo. Tundu likiwa kubwa wanahitaji matibabu. Kwa hiyo jambo ambalo watu waliliona ndiyo njia ya kawaida ya damu kwa zaidi ya miaka elfu moja, leo tunalijua kuwa ni maradhi.

VITABU NA TABIA ZAKE

Ibn al-Nafis alipotaka kuandika, alitengenezewa kalamu nyingi kwa pamoja, kisha akageuza uso kuelekea ukutani na kuandika kutoka kichwani bila ya kufungua kitabu. Kalamu ikiisha ncha aliitupa akachukua nyingine, ili asipoteze wakati wa kuichonga. Inasimuliwa pia kuwa siku moja alikuwa hamamuni anaoga, akatoka katikati ya kuoga, akaomba karatasi na wino, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa, kisha akarudi kumalizia kuoga kwake.

Alikusudia kuandika kamusi kubwa ya utabibu, al-Shamil, iwe na juzuu 300. Alimaliza 80. Muhtasari wake wa al-Qanun, uitwao al-Mujiz, ulienea mpaka India na ukasomwa kwa karne nyingi. Aliandika pia kisa cha mtu aitwaye Kamil anayejikuta peke yake kisiwani, na kwa kutumia akili yake anafikia kumjua Muumba na haja ya watu kuletewa Mitume.

KUFARIKI KWAKE

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kuwa ni dawa. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kukutana na Mola wake hali ya kuwa tumboni mwake mna kitu hicho. Alifariki Cairo tarehe 21 Dhul-Qaada mwaka 687 Hijria, sawa na tarehe 17 Disemba 1288. Waliomwandika wanasema hakuoa. Nyumba yake nzuri na vitabu vyake vyote aliviacha wakfu kwa hospitali ya al-Mansuri, iliyojengwa na Sultan Qalawun na kukamilika mwaka 1284. Alifanya kama alivyofanya mwalimu wake al-Dakhwar.

KUSAHAULIWA NA KUKUMBUKWA

Baada yake watu waliushika sana ule muhtasari wake, al-Mujiz, nao haukuwa na elimu ya viungo. Sherehe yenye ugunduzi wake ilisomwa na wachache. Katika karne ya 14 walikuwepo wanavyuoni wawili watatu walioitaja rai yake, kisha ikanyamaziwa. Huko Ulaya, Michael Servetus aliandika jambo kama hilo mwaka 1553 na Realdo Colombo mwaka 1559. Watafiti hawajakubaliana kama habari za Ibn al-Nafis ziliwafikia.

Mwaka 1924 daktari kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Freiburg nchini Ujerumani, alikiona kitabu hicho katika maktaba mjini Berlin. Akakisoma, akatambua thamani yake, akakiandikia utafiti wake wa chuo kikuu. Kisha mtaalamu Max Meyerhof, aliyeishi Cairo, akaitangaza habari hiyo duniani.

Mara nyingi Waislamu tunajifakhirisha kuwa wanavyuoni wetu ndio waliotangulia. Kutangulia walitangulia, Alhamdulillahi. Lakini kitabu hiki kilikuwa kwa lugha ya Kiarabu, lugha ambayo watoto wetu wanaanza kuisoma wakiwa na miaka mitano, na kilikaa karibu miaka mia saba kikisubiri msomaji wa kukitambua. Hili halitufai kujifakhirisha. Linatufaa tujiulize tunasoma nini.

MAZINGATIO

1. Elimu ya dini na elimu ya mazingira hazigombani. Mwalimu wa fiqhi ndiye aliyeeleza njia ya damu mapafuni. Wazazi tusimtoe mtoto madrasa kwa sababu ya skuli, wala tusimkatishe skuli kwa sababu ya madrasa.

2. Kumheshimu mwalimu ni wajibu, na kukubali kosa si sehemu ya heshima hiyo. Mwanafunzi akiona mwalimu amekosea, aseme kwa adabu na aje na dalili.

3. Mwanafunzi anayeuliza asichekwe. Na sisi walimu tusione haya kusema hatujui, kisha tukaenda kutafuta. Aibu ni kutamani mwanafunzi asahau, na hilo tumelikiri hapo juu.

4. Mwenye kuacha kitabu, nyumba au hospitali nyuma yake huendelea kunufaisha watu akiwa kaburini. Maktaba yetu ndogo hapa madrasa ina nafasi, na mlango wake uko wazi kwa kila mwenye kitabu asichokitumia.

MASWALI YA KUJIPIMA

a) Ibn al-Nafis alisomesha fiqhi ya madhehebu gani, na katika madrasa ipi?
b) Eleza njia ya damu kutoka upande wa kulia wa moyo mpaka upande wa kushoto.
c) Mtoto tumboni anapata wapi oksijeni? Nini kinabadilika anapolia mara ya kwanza?
d) Muulize mzazi wako swali moja ambalo hujawahi kupata jawabu lake, mlitafute pamoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis na wanavyuoni wetu wote, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.